Karakana mpya nyumbani inakusumbua? Kagua mpangilio kabla hujalaumu mashine

"Fundi, mashine niliyonunua ni mbovu."

Simu nyingi ninazopokea huanza hivyo. Ya majuzi ilitoka Busia, kwa mwalimu mstaafu aliyetoa sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua msumeno wa meza. Nikamuuliza, "Mwalimu, umeuweka wapi?" Akasema kwenye kona, ili ibaki nafasi ya kupita. "Na ubao ukishakatwa, unaelekea wapi?" Kimya. Kisha nikamsikia anacheka peke yake. Ulikuwa unaelekea ukutani.

Msumeno wake ulikuwa mzima. Na mimi nisijifanye mjuzi: nilipoanza hapa Tororo, kwenye banda nyuma ya nyumba, nilizipanga mashine kama makochi ya sebuleni, zote zimeegemea ukuta na katikati peupe. Nilihamisha kila kitu mara tatu ndipo nikaelewa kwamba mashine haihitaji nafasi kubwa. Inakaa tu. Kinachotembea ni ubao, na ubao unatembea na urefu wake wote.

Nimepanga matatizo haya kwa dalili, kama watu wanavyonieleza. Kila dalili inaanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi na kwenda hadi cha nadra. Ufuate mtiririko huo. Usifungue mota wakati hata waya hujaukagua. Palipoandikwa SIMAMA, weka kifaa chini umwite mwenye kazi yake.

## Ubao unagonga ukuta kabla haujaisha kukatwa

Hili ndilo lalamiko namba moja, na ndilo linalozaa mengine mengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anza na hesabu. Mbao za paini na mikaratusi tunazonunua huja na urefu wa futi 12 hadi 14. Futi 14 ni karibu mita 4.3. Ukitaka kuupasua ubao huo kwa urefu wake, unahitaji mita 4.3 upande wa kuingizia, na mita 4.3 nyingine upande wa kutokea. Ongeza meza ya msumeno, unakaribia mita 9. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22, inataka karibu mita 6. Sasa pima chumba chako. Vyumba vingi vya nyumba zetu ni futi 10 kwa 12, yaani mita 3 kwa 3.6 hivi. Hesabu inakataa hata kabla hujaingiza benchi.

Chanzo cha kawaida ni kwamba mashine imefuata ukuta badala ya kufuata mlango. Kuhakikisha ni rahisi. Chomoa plagi, teremsha diski chini ya meza, chukua ubao mrefu kuliko yote utakayotumia, uupitishe juu ya meza mwanzo hadi mwisho kana kwamba unakata. Unapogonga kitu, weka alama ya chaki hapo. Kisha zungusha msumeno ili upande wa kutokea utazame mlango. Mlango ukiwa wazi, ua wote unakuwa sehemu ya karakana bila kujenga hata tofali moja. Mwalimu wa Busia aliishia hapo. Kazi ya asubuhi moja.

Kama njia ipo lakini ubao bado unagonga, tazama kilichohamia njiani. Bodaboda inayolazwa ndani usiku, magunia ya mahindi, baiskeli ya mtoto. Karakana ya nyumbani ina wapangaji wengi, na hawaombi ruhusa. Dawa yake ni rangi: piga mstari wa njano sakafuni pande zote za njia ya ubao, na familia nzima ijue kwamba hapo hapawekwi kitu.

Chanzo cha tatu ni mashine mbili zenye vimo tofauti. Ubao unatoka kwenye msumeno unagonga ubavu wa randa ya umeme kwa sababu meza ya randa imezidi kwa sentimita tatu. Linganisha vimo. Ukilinganisha, randa inageuka kuwa egemeo la ubao unaotoka kwenye msumeno, na benchi lako la kazi vilevile. Unafanya kazi peke yako. Mashine mbili zinaweza kutumia njia moja kwa sababu hutaziwasha pamoja.

Mwisho ni chumba chenyewe kuwa kidogo. Hapo una njia tatu. Weka mashine kwenye magurudumu yenye breki, uitoe hadi katikati wakati wa kazi na kuirudisha jioni. Au plaiwudi uikate nje, ikiwa imelala chini juu ya vipande vya mbao chakavu, kwa msumeno wa mkono wa umeme, kisha uingize ndani vipande vilivyopungua. Au toboa ukuta: tundu la upana wa sentimita 60 na kimo cha 30, usawa wa meza, lenye kijilango cha kufunga. Ubao unatokea nje kama ulimi. Nimelitumia tundu la namna hiyo kwa miaka na halijaniangusha.

SIMAMA kabla ya kutoboa. Usiguse nguzo ya zege wala kilicho chini ya boriti, na usibahatishe kwenye ukuta wa matofali ya udongo unaobeba paa. Mwite mwashi aangalie kwanza mzigo wa mabati unakaa wapi.

Maoni yangu, ambayo wauza mashine hawayapendi: mwenye chumba cha futi 10 kwa 12 asinunue msumeno wa meza kabisa. Anunue msumeno mzuri wa mkono, reli ndefu iliyonyooka ya kuuongozea, na klampu nne. Hela inayobaki akanunulie mbao.

Na kama bado hujajenga wala kununua, chora kwanza. Si kwenye karatasi. Chora uani, kwa majivu au chaki, ukubwa halisi. Maboksi matupu yawe mashine, na mtu wa nyumbani akusaidie kuzungusha ubao wa futi 14 humo. Utagundua mambo ambayo mchoro mdogo hauonyeshi, kama vile kiwiko chako kugonga mahali ulipokusudia kuweka rafu.

## Mota inavuma lakini haizunguki, au breka inaruka ukiwasha tu

Taa za nyumba zinafifia, mota inalia "mmmm", kisha giza. Watu husema umeme wa Uganda ndio mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi kosa liko kwenye waya wa ekstensheni uliotandazwa kutoka sebuleni.

Tazama hesabu. Umeme wa nyumbani ni volti 240. Mota ya nguvu farasi 2 hula karibu ampea 10 ikishakolea mwendo, lakini sekunde ile ya kuwaka huvuta mara tano hadi saba ya hapo. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba ukiwa na urefu wa mita 30 hupoteza karibu volti 9 mota ikikimbia. Mota inapowaka na kuvuta ampea 50, waya huohuo hupoteza zaidi ya volti 40. Mota inabaki na chini ya volti 200, haina nguvu ya kujisukuma, inavuma tu huku inapata moto. Ukitumia waya wa milimita 2.5 hasara hiyo inashuka hadi volti 27 hivi. Ukifupisha waya kwa nusu, inashuka kwa nusu tena.

Hakikisha hivi: peleka mashine kwenye soketi ya ukutani iliyo karibu zaidi na boksi la breka, chomeka moja kwa moja. Ikiwaka vizuri, umempata mwizi. Nunua waya mnene na mfupi, na kama umezungushwa kwenye gurudumu, ukunjue wote kabla ya kuwasha. Waya uliojikunja huhifadhi joto hadi ngozi yake ya plastiki ilainike. Hapa ndipo mpangilio unaporudi tena: mashine nzito zaidi ikae karibu na boksi la umeme, nyepesi ndizo ziende mbali. Nimeona watu wakiweka randa ya umeme mwisho wa banda na taa ya mezani karibu na mita.

Kama tatizo liko hata kwenye soketi ya ukutani, uliza nani mwingine yuko kwenye laini hiyo. Pasi? Birika? Friji? Zima vyote, jaribu tena. Karakana inastahili laini yake na boksi lake dogo la breka, lisilochangia na jikoni.

Linalofuata ni aina ya breka. Tazama herufi iliyo mbele ya namba. Breka ya B huruka papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake. Ya C huvumilia hadi mara 5 mpaka 10. B16 inaweza kuruka kwenye ampea 48, na mota yako inawaka kwa 50 au 60. C16 haitaruka hapo. Kwa hiyo breka inayoruka haimaanishi lazima kwamba kuna hitilafu. Huenda ni breka ya taa na soketi za kawaida iliyopewa kazi ya mota. SIMAMA hapa: usibadilishe wewe mwenyewe, na kwa vyovyote usitoe ya 16 ukaweka ya 32 ili "isiruke ruke". Breka inalinda waya ulio ukutani. Ukiweka kubwa, kitakachokatika kwanza ni waya, na waya hukatika kwa moto.

Kisha ndipo ulaumu umeme wenyewe. Kati ya saa moja na saa nne usiku, kila nyumba ikiwa inapika na kupiga pasi, volti hushuka mitaa mingi. Mota inayokataa saa mbili usiku na kukubali saa nne asubuhi imekwisha kukupa jibu. Kama volti iko chini mchana na usiku bila mashine kuwashwa, toa taarifa kwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme tarehe 1 Aprili 2025 baada ya mkataba wa miaka 20 wa kampuni iitwayo Umeme kwisha. Kuanzia nguzoni hadi kwenye mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, ni mali yao. Lakiri ya mita usiiguse hata kama fundi wa mtaani anasema ni jambo dogo.

Wapo pia wanaonunua mashine ya mtumba kwa bei ya kushangaza halafu wanagundua kwa nini ilikuwa rahisi: ni ya fezi tatu, umeme wa viwandani. Kabla ya kulipa, soma kibati kilichopigiliwa kwenye mota. Ukiona volti 400 au 415 peke yake, haitazunguka kwenye umeme wa nyumbani. Ukiona 230/400, inawezekana kuiendesha kwa kifaa cha kubadili mkondo kinachotengeneza fezi tatu kutoka moja, lakini hilo ni jambo la fundi wa mota. Mara nyingi kufunga mota nyingine ya fezi moja hutoka nafuu.

Cha nadra ni kapasita iliyokufa, kile kikopo kilicho juu ya mota. Dalili yake: ukichomeka popote mota inavuma tu, saa zote. SIMAMA. Kapasita inaweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na hutoa wote mara moja kwa aliyeigusa.

SIMAMA pia, na uzime breka kuu, kama mwili wa mashine unakutekenya ukiugusa, kama soketi inanuka, au kama plagi ina moto kuliko mkono unavyoweza kustahimili. Katika nyumba nyingi za zamani soketi ina matundu matatu lakini waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, haujafungwa popote. Tundu la tatu ni pambo. Mwite fundi umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, na umwombe akuonyeshe kwa kipimo kwamba ethi inafanya kazi. Na mvua ya radi ikianza kunguruma, chomoa plagi zote. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, na nchi yetu ni miongoni mwa zinazopigwa radi nyingi mno.

## Msumeno unarudisha ubao kwa nguvu

Huyu ndiye anayeua na kukata vidole, kwa hiyo ukiona dalili yake mara moja usisubiri ya pili. Ubao unabanwa, meno ya nyuma ya diski yanaudaka na kuurusha kuelekea kwako.

Kwanza tazama unakotokea ubao. Usipokuwa na pa kulala, unaning'inia, mwisho wake unashuka, ulio juu ya diski unainuka na kubana. Weka meza au stendi yenye rola upande wa kutokea, usawa na meza ya msumeno au chini yake kwa milimita moja au mbili. Isizidi kwenda juu, maana ubao utaigonga nao utakwama vilevile.

Pili, sakafu. Mabanda mengi yamemwagwa saruji yenye mteremko ili maji yatoke. Weka pimamaji juu ya meza; huna, chupa ya maji iliyolazwa itakuambia. Mguu unaoning'inia ukazie kwa kabari ya mbao ngumu, si kwa boksi lililokunjwa.

Tatu, mahali pako pa kusimama. Usisimame kwenye mstari wa diski. Simama pembeni yake. Ili uweze kusimama pembeni lazima nafasi iwepo, angalau mita moja, na hii watu huisahau kwa sababu kwenye mchoro wanachora mashine wasichore mtu. Mstari ule wa nyuma yako nao uwe wazi: usiwe mlango ambao mtoto atatokea na chai, wala benchi la wageni. Nikisema wageni siwatanii. Karakana ya nyumbani kila jioni ina mtu aliyekuja kupiga soga, naye hukaa palepale penye hatari.

Ukimaliza hayo ndipo upime mashine. Plagi ikiwa imechomolewa, weka alama kwenye jino moja la diski, pima kutoka jino hilo hadi kwenye reli ya kuongozea ubao, mbele. Kisha zungusha diski kwa mkono hadi jino lilelile liwe nyuma, upime tena. Vipimo vilingane. Nyuma ikiwa nyembamba kuliko mbele, reli inaubana ubao kwenye meno. Baada ya hapo angalia ubutu wa diski, na aina ya mbao. Mikaratusi ina mvutano ndani yake. Ukiipasua, pande mbili zinajifunga nyuma ya diski kama mkasi. Kabari nyembamba inayochomekwa kwenye ufa nyuma ya diski inasaidia, lakini zima mashine kwanza.

SIMAMA kama msumeno wako, hasa ule wa kuchomelewa mtaani kwa vyuma vya pembe na mkanda, hauna kile kisu cha nyuma kinachotenganisha mbao wala kifuniko cha diski, au kama diski inayumba ukiizungusha kwa mkono. Huo haufai kuwashwa hadi fundi mashine aurekebishe.

## Vumbi linaingia jikoni na kwenye matandiko

Chanzo karibu kila mara ni upepo. Mashine imewekwa upande ambao upepo unatokea, nyumba iko upande unakoelekea. Kata vipande vya kaveera (mfuko wa plastiki) nyepesi, uvifunge mlangoni na madirishani, uvitazame siku tatu nne, asubuhi na alasiri. Kisha hamishia randa na kazi ya msasa upande ambao upepo unatoka chumbani kwenda nje, si unakoingilia ndani.

Chanzo cha pili ni ufagio. Kufagia vumbi kavu kunaliinua lile laini ambalo lilikuwa limetulia. Bora mashine ya kunyonya, ikiunganishwa na pipa la plastiki lenye kifuniko katikati ya bomba ili maranda yatue humo kabla ya kufika kwenye kichujio. Bomba liwe fupi na lisilo na kona nyingi. Kama huna uwezo huo sasa, fanyia kazi ya msasa nje na uvae barakoa ya N95. Kitambaa cha kujifunga usoni hakizuii vumbi laini.

Usilichukulie vumbi kama uchafu tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Mvule, mti tunaojivunia, vumbi lake huwasha ngozi na kuvimbisha macho ya watu wengi, na huwabana wengine kifua. SIMAMA na umwone daktari kama kifua kinabana jioni baada ya kazi na kutulia siku za mapumziko.

Na sigiri. Tafadhali. Sigiri ya chai au ya kuchemshia gundi isikae kwenye chumba chenye maranda. Matambara yenye mafuta ya kitani nayo usiyarundike. Hujichemsha yenyewe hadi kuwaka bila mtu kuyagusa. Yaanike nje yakiwa yametandazwa, au yatie kwenye debe la maji.

## Mbao zinapinda zikiwa bado kwenye rundo

Umenunua mbao zilizonyooka, baada ya wiki tatu zimekuwa upinde. Sababu ya kwanza: zilikuwa mbichi. Jipimie mwenyewe: kata kipande, kipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, maji bado yanatoka, na hapo usitengeneze mlango. Sababu ya pili ni rundo. Mbao ziinuliwe kutoka chini kwa matofali, zitenganishwe kwa vijiti vya unene mmoja, kila sentimita 40 hadi 60, na vijiti vya kila safu vikae juu ya wenzao mstari mmoja wima. Kijiti kikihama, ubao unapindia hapo.

Sababu ya tatu ni jua. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo ukuta wa mashariki unachomwa asubuhi na wa magharibi jioni, mwaka mzima. Rundo likae ukuta wa kaskazini au wa kusini. Kwa sababu hiyohiyo madirisha makubwa yawe pande hizo. Chini ya mabati matupu, alfajiri matone hudondoka. Ndiyo maana meza ya chuma ya msumeno inashika kutu hata pasipo mvua. Dari nyepesi, au hata turubai lililowambwa chini ya mabati, hupunguza. Meza uipake nta.

Ukiona vijia vya udongo vinapanda ukutani, ni mchwa. Kumbikumbi tunaowala kwa hamu mvua zikianza ni watoto wa nyumba hiyohiyo. Acha nafasi ya sentimita 15 kati ya rundo na ukuta ili uone vijia vikianza. Vikishafika kwenye kenchi za paa, SIMAMA, tafuta mtu wa dawa za mchwa. Dawa hizo ni sumu, na kisima chako kiko karibu.

## Mstari wa penseli hauonekani, au diski inaonekana imesimama

La kwanza ni kivuli. Anayetumia mkono wa kulia aweke benchi ili mwanga wa dirisha umjie kutoka kushoto. La pili ni la kutisha zaidi: taa za tyubu za zamani na baadhi ya LED za bei rahisi huwaka na kuzima mara 100 kwa sekunde, na mzunguko wa mashine ukilingana na huo, jicho linaiona imetulia. Elekeza kamera ya simu kwenye taa. Ukiona mistari inapita kwenye kioo, usiitumie taa hiyo juu ya mashine.

## Mgongo unauma jioni

Benchi ni fupi. Simama wima, mikono imening'inia. Uso wa benchi ufike kwenye kifundo cha mkono. Kwa wengi ni sentimita 85 hadi 90. Inua miguu kwa vipande vya mbao, usikate mgongo wako.

## Jirani amelalamika

Mara nyingi mashine iko kwenye ukuta mnaochangia. Ihamishie upande mwingine, weka raba nene chini ya miguu, na kazi ya kelele iishe kabla ya giza. NEMA, mamlaka ya mazingira, ina kanuni za kelele, na za usiku ni kali kuliko za mchana. Barua ikifika kutoka halmashauri, usibishane na jirani. Nenda ofisini ukaulize kama mtaa wenu unaruhusu shughuli hiyo.

## Kabati limekwisha, halitoki

Usicheke. Askari mstaafu wa Bombo alitengeneza kabati la milango mitatu, kazi safi kabisa ya mvule, kwenye chumba chenye mlango wa sentimita 80. Kupima alipima kila kitu isipokuwa mlango. Kama bado unajenga, mlango wa karakana uwe wa vipande viwili vinavyofunguka, jumla isipungue mita 1.5, ili plaiwudi iingie imelala na samani itoke imesimama. Kama umeshajenga, andika upana wa mlango kwa rangi juu ya kizingiti, na kila samani inayouzidi uifunge kwa bolti badala ya gundi, itoke vipande vipande.

Yeye alikuwa ametia gundi. Kabati liko mlemle hadi leo. Anawekea vanishi na misumari.